Mpango Mzuri Hautoshi: Mielekeo ya Utafiti wa Usimamizi wa Kimkakati na Somo la Mto Ruaha Mkuu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tarehe 17 Julai 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, waraka unaoeleza Tanzania inayokusudiwa katika robo karne ijayo. Shabaha zake kuu zinafahamika kwa wengi: pato la taifa lifikie Dola za Marekani trilioni moja, na wastani wa pato la kila mtu ufikie Dola 7,000 kwa mwaka. Nguzo zake ni tatu, nazo ni uchumi imara, jumuishi na shindani. Uwezo wa watu na maendeleo ya jamii. Na uhifadhi wa mazingira pamoja na ustahimilivu dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Utekelezaji wake umepangwa kuanza Julai 2026.

Mwananchi anayefuatilia matangazo haya ana haki ya kuuliza swali moja la msingi. Ni kitu gani hufanya mkakati wa miaka 25 utekelezwe hadi mwisho, ilhali mwingine huishia kabatini? Swali hilo limewashughulisha watafiti wa usimamizi wa kimkakati kwa zaidi ya miaka 60, na majibu yao yamebadilika sana katika kipindi hicho. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo kwa mifano ya hapa nchini, hususan bonde la Mto Ruaha Mkuu, ambalo ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyochunguzwa kwa karibu na kwa muda mrefu.

Taaluma yenyewe ilizaliwa katika kampuni kubwa za biashara. Mwaka 1962, mwanahistoria wa Marekani, Alfred Chandler, alichapisha uchambuzi wa namna kampuni kubwa za nchi yake zilivyobadili muundo wake ili kufuata mkakati mpya. Kwa miaka mingi baada ya hapo, fikra iliyotawala ilikuwa kwamba viongozi wa juu hupanga, wa chini hutekeleza, na mkakati ukiandikwa vizuri kazi kubwa imekwisha. Henry Mintzberg wa Kanada ndiye aliyeipinga fikra hiyo kwa nguvu zaidi. Mwaka 1985, akishirikiana na James Waters, alionesha kwamba mkakati unaotekelezwa kwa kweli ni mchanganyiko wa yale yaliyokusudiwa na yale yaliyojitokeza njiani, na kwamba taasisi isiyojifunza kutokana na yaliyojitokeza hubaki na makaratasi tu.

Katika maendeleo endelevu, ugumu huo huongezeka. Kampuni ina kipimo kimoja kinachoeleweka na wote, yaani faida. Taifa lina vipimo vingi vinavyogombana. Ripoti ya Tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, iliyotolewa mwaka 1987, iliongeza mdau mwingine mezani: kizazi ambacho bado hakijazaliwa, ambacho hakiwezi kupiga kura wala kuhudhuria mkutano wa kijiji. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, yenye shabaha 169, watafiti wengi walihama kutoka swali la mpango upi ni bora na kuanza kuuliza kama mpango hubadilisha chochote katika mwenendo wa taasisi.

Jibu la awali halikuwa la kufurahisha. Mwaka 2022, timu iliyoongozwa na Frank Biermann wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, ilichapisha tathmini iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu athari za Malengo hayo katika siasa na utawala. Ilibaini kuwa Malengo yamebadilisha lugha. Serikali, mashirika na kampuni sasa huzungumza na kuandika kwa istilahi zake, lakini ni mara chache yamebadilisha sheria, bajeti au muundo wa taasisi. Miaka miwili baadaye, ripoti ya Umoja wa Mataifa ilionesha kuwa ni asilimia 17 tu ya shabaha zilizoweza kupimwa ndizo zilizokuwa katika mwelekeo wa kufikiwa ifikapo mwaka 2030. Ni vyema tukalichukua hilo kama onyo la kitaalamu. Kuunganisha mpango wa halmashauri na Lengo namba fulani ni kazi ya mchana mmoja, ila kuhamisha fedha, maji au ardhi ili Lengo hilo lifikiwe ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Ndiyo maana mwelekeo mmoja mkubwa wa utafiti hivi sasa unahusu migongano baina ya malengo. Mwaka 2016, Måns Nilsson na wenzake walipendekeza kipimo cha ngazi saba, kuanzia hasi tatu hadi chanya tatu, cha kupima namna lengo moja linavyolisaidia au kulidhuru lingine. Kwa msomaji wa Kitanzania wazo hilo si geni. Mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipowasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, hotuba yake ilijulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Watafiti wa leo wanaongeza kwamba uchaguzi huo hufanyika hata pale ambapo hakuna aliyekaa kuchagua. Mto usipogawanywa kwa makubaliano, hugawanywa na yule aliye juu zaidi ya mkondo.

Hapo ndipo Ruaha Mkuu unapoingia. Mto huu hukusanya maji kutoka nyanda za juu zinazozunguka tambarare za Usangu mkoani Mbeya, ambako wakulima wa Mbarali hulima mpunga kwa umwagiliaji. Maji yanayobaki huingia katika ardhioevu ya Ihefu, hutokea Ng'iriama, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha huingia Bwawa la Mtera, lenye mtambo wa megawati 80, na baadaye Kidatu, wenye megawati 204. Kwa hiyo mto mmoja unabeba chakula, mifugo, utalii na umeme, na kila kimojawapo kina wizara yake, sheria yake na mkakati wake. Mikakati hiyo ilipoandikwa, kila mmoja ulikuwa na mantiki. Iliposhushwa kwenye mto huo mmoja, haikutosha.

Kuanzia mwaka 1993, mto ulianza kukauka kabisa ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko na mamba walisongamana katika madimbwi yaliyosalia. Katika miaka hiyohiyo nchi ilikumbwa na mgawo wa umeme, na maelezo yaliyoenea yalikuwa rahisi: wakulima na wafugaji wa Usangu wamemaliza maji ya Mtera. Mwaka 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitoa ahadi ya Serikali mbele ya jumuiya ya kimataifa kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Lengo lilikuwa wazi, lilikuwa na tarehe, na lilikuwa na utashi wa kisiasa. Kwa vigezo vya vitabu vya usimamizi, hilo lilikuwa lengo zuri.

Wakati huo kazi kubwa ya utafiti ilikuwa ikiendelea Usangu, hatimaye kupitia mradi ulioitwa RIPARWIN, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji. Matokeo yake yalibadilisha swali lenyewe. Sehemu kubwa ya maji ya Mtera huingia katika msimu wa mvua, wakati mto umefurika na wakulima hawawezi kuyamaliza. Maji ya kiangazi ni machache mno kuweza kuamua hatima ya umeme, na uchambuzi wa Mtera na Kidatu ulionesha kuwa namna mabwawa yenyewe yanavyoendeshwa ni sehemu ya tatizo. Lakini maji hayohayo machache ya kiangazi ndiyo uhai wa Ihefu na wanyama wa hifadhi. Kwa maneno mengine, palikuwa na matatizo mawili yaliyovalishwa joho moja: la masika, linalohusu umeme, na la kiangazi, linalohusu ikolojia. Mkakati mmoja usingeweza kuyatibu yote mawili.

Jambo la pili lililobainika linahusu banio. Miradi ya kuboresha umwagiliaji ilibadilisha mabanio ya asili ya miti, mawe na nyasi na kujenga ya zege yenye milango ya chuma, kwa nia njema ya kuongeza ufanisi. Banio la asili huvuja, na maji yanayovuja humfikia wa chini. Huzolewa na mafuriko pia, hivyo halichukui kila kitu. Banio la zege halivuji. Linamwezesha wa juu kuchukua karibu maji yote ya kiangazi, na mara nyingi mifereji iliachwa wazi hata pale ambapo shamba halikuhitaji maji. Sehemu ya maji hayo ilitumika majumbani, ambayo ni haja halali kabisa, na sehemu nyingine ilipotea njiani. Kila skimu ilihesabiwa kuwa imeboreshwa, wakati kiwango cha mto kilizidi kushuka.

Hata ada ya maji ilitoa somo. Hati za kutumia maji ziliandikwa kwa kiwango maalumu cha lita kwa sekunde, ilhali mto wa Februari si mto wa Oktoba. Wakulima waliolipia waliona, kwa haki kabisa, kwamba wamenunua kiasi kile na wanaweza kukichukua wakati wowote. Nyenzo iliyokusudiwa kupunguza matumizi ikawa, kwa baadhi yao, uthibitisho wa haki ya kutumia zaidi.

Mmoja wa watafiti hao, Bruce Lankford wa East Anglia, alitengeneza kifaa ambacho pengine kilieleza zaidi kuliko ripoti zote. Ni ubao wa mbao ulioinamishwa, wenye mto uliochongwa katikati na mifereji pembeni, na maji yake ni gololi. Wachezaji huweka vijiti kama mabanio, gololi humiminwa juu, kila mmoja hukusanya zinazomfikia na kuhesabu kama zinatosha shamba lake. Raundi ya kwanza kila mtu hujitazama mwenyewe, na wa mwisho hubaki mikono mitupu. Kisha mazungumzo huanza. Wakulima wa juu na wa chini walikaa kuzunguka ubao huo na kujadiliana zamu za maji, jambo ambalo barua za kiofisi hazikuwa zimeweza kulileta. Katika fasihi ya usimamizi jambo hili huitwa mkakati shirikishi. Wanakijiji wangeliita kikao.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alikuwa amekutana na jambo linalofanana na hilo huko Nepal. Alipolinganisha skimu za umwagiliaji, aligundua kwamba zile zilizojengwa na wakulima wenyewe kwa mabanio duni mara nyingi zilifikisha maji mkiani mwa mfereji vizuri kuliko zile za Serikali zilizo na miundombinu ya kisasa. Sababu yake inavutia. Banio duni huhitaji kujengwa upya kila mwaka, na wa juu hawawezi kulijenga bila nguvu kazi ya wa chini. Zege lilipokuja, hawakuwahitaji tena. Hii haina maana kwamba zege ni baya, na hakuna mtafiti makini anayependekeza turudi kwenye miti na nyasi. Maana yake ni kwamba anayebadili miundombinu hubadili pia uhusiano wa watu, na mkakati unapaswa kuhesabu vyote viwili.

Mwaka 2010 ulifika, na mto uliendelea kukauka kiangazi. Katikati ya kipindi hicho hatua nyingi zilichukuliwa. Wafugaji wengi waliondolewa Usangu kuanzia mwaka 2006, na mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mipaka yake ikawa hoja ya muda mrefu baina ya hifadhi na vijiji vya Mbarali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka vibali vya kutumia maji na kutambua jumuiya za watumia maji kama ngazi rasmi ya usimamizi chini ya bodi za mabonde. Aprili 2017, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua mjini Iringa kikosi kazi cha kunusuru ikolojia ya Ruaha Mkuu. Umuhimu wa mto huo umeongezeka zaidi kwa kuwa maji yake humalizikia Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ingawa kwa bwawa hilo mchango mkubwa zaidi hutoka Mto Kilombero.

Mwelekeo wa pili wa utafiti unahusu vipimo. Viashiria ni lazima, kwa kuwa kisichopimwa husahaulika kwenye bajeti. Lakini kipimo kikishageuzwa kuwa lengo, watu hukifanyia kazi kipimo na kusahau kile kilichokusudiwa kupimwa. Ushahidi mmoja ulio wazi umetoka hapa Tanzania. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, kwa kujifunza kutoka Malaysia, katika maeneo sita: kilimo, elimu, maji, nishati, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato. Katika elimu, shule za msingi zilipangwa kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba na nafasi zake kutangazwa.

Wachumi Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha alama, na hilo ni jambo jema ambalo halipaswi kubezwa: kutangazwa tu, bila motisha ya fedha, kulizisukuma shule. Lakini walikuta pia kwamba katika shule hizo wanafunzi waliofika kwenye chumba cha mtihani walipungua. Baadhi ya watoto walikuwa wameachwa nje ya darasa la saba ili wastani upande. Jedwali lilionesha mafanikio, na sehemu ya mafanikio hayo ilikuwa mtoto asiyekuwepo. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilitangaza kuacha kutoa orodha ya shule na wanafunzi bora kitaifa, kwa maelezo kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana.

Funzo hilo linagusa mifumo mingi ya leo, ukiwemo mfumo wa kidijitali wa PEPMIS, ambao umechukua nafasi ya OPRAS katika kupima utendaji wa watumishi wa umma. Mtumishi akipimwa kwa idadi ya mikutano aliyoitisha, mikutano itakuwepo. Watafiti hupendekeza kipimo kiambatane na kipimo pacha kinachokilinda: alama za mtihani na idadi ya waliosajiliwa, hekta zinazomwagiliwa na kiwango cha maji kinachobaki mtoni, kilomita za bomba na siku ambazo maji hutoka.

Mwelekeo wa tatu, ambao pengine ndio wenye manufaa zaidi kwa Dira mpya, ni usimamizi unaojirekebisha. Asili yake ni ikolojia. Mwanaikolojia wa Kanada, C. S. Holling, aliuweka katika kitabu mwaka 1978. Hoja yake ni kwamba mifumo ya asili ina mambo tusiyoyajua, hivyo kila hatua ya usimamizi ichukuliwe kama jaribio: iandikwe mapema nini kinatarajiwa, kipimwe, na iwepo tarehe na mamlaka ya kubadili mwelekeo. Sehemu ngumu ni hiyo ya mwisho. Taasisi nyingi duniani hupima, lakini ni chache zilizo tayari kubadili mkondo katikati ya safari, kwa kuwa kubadili huonekana kama kukiri kushindwa.

Historia ya mipango yetu wenyewe inaonesha faida ya kurekebisha. Dira ya 2025 ilianza kutekelezwa mwaka 2000, lakini ni mwaka 2011 ndipo ulipoandaliwa Mpango Elekezi wa Muda Mrefu wa 2011/12 hadi 2025/26 na kugawanywa katika mipango mitatu ya miaka mitano. Zaidi ya muongo mmoja Dira ilikuwa na mikakati ya kupunguza umaskini na ya kisekta, bila ngazi za kuelekea mwaka 2025. Marekebisho hayo ya katikati yaliiwezesha Serikali kupanga miradi mikubwa kwa mfululizo, na Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, ngazi ambayo Dira ilikuwa imekusudia kuifikia ifikapo 2025. Safari hii Tume ya Taifa ya Mipango, iliyoundwa upya kwa sheria ya mwaka 2023, inaandaa Dira pamoja na ngazi zake tangu mwanzo, na Mpango wa Nne wa Maendeleo wa Miaka Mitano ndio utakaoifungulia njia Dira 2050 kuanzia mwaka wa fedha 2026/27.

Kwa mwananchi, mambo haya yanaweza kuulizwa mahali alipo. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni haki ya wanakijiji. Mradi unapowasilishwa hapo, inafaa kuuliza ni nani aliye chini ya mkondo na kama amesikilizwa, kiashiria kipi kitatumika na kipi kitakilinda, na lini mradi utarejewa ili kurekebishwa. Ripoti za ukaguzi wa ufanisi za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali nazo huwa wazi kwa umma baada ya kuwasilishwa bungeni, na huandikwa kwa lugha inayosomeka kuliko wengi wanavyodhani.

Katika Ruaha Mkuu, kiashiria cha kufuatilia hakihitaji utaalamu mkubwa: ni idadi ya siku ambazo mto haukutiririka ndani ya hifadhi kiangazi hiki, ikilinganishwa na kiangazi kilichopita.